Diski Niliyoizika Ikiwa Hai

Jumamosi usiku, saa tatu kasoro, kompyuta yangu ya dukani iliniambia kuwa leo ni tarehe 1 Januari 2008.

Nilikuwa nimeshafunga mlango nusu. Umeme ulikatika asubuhi, ukarudi jioni, nami nilitaka kumalizia kadi za harusi za mteja kabla sijaenda kulala. Kuwasha tu, skrini nyeusi, maandishi meupe: hesabu za CMOS (kumbukumbu ndogo ya mipangilio ya kompyuta) hazilingani, bonyeza F1 kuendelea. Hilo si jambo la kumshtua fundi. Betri ndogo ya kwenye madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, imechoka. Ninazo nyingine kwenye droo, zimepangwa kwenye kadi yake kama vidonge. Nikachomoa waya wa umeme, nikafungua ubavu wa mashine, nikaing'oa ya zamani kwa ncha ya bisibisi, nikapachika mpya, nikawasha, nikabonyeza F1.

Nembo ya Windows ikatokea. Kisha rangi ya bluu, nusu sekunde hivi, na mashine ikajizima na kujiwasha yenyewe. Nembo. Bluu. Nembo. Bluu.

Mkono wangu ulishaanza kuelekea kwenye flashi ya Windows. Ulikwenda wenyewe, kama mkono wa dereva unavyokwenda kwenye gia. Mashine ikigoma kuwaka namna hiyo, unapiga Windows upya, yaani unaisakinisha tena, na ikigoma hata hapo, unabadilisha diski. Nimefanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba sihitaji kufikiri.

Lakini safari hii diski ilikuwa yangu. Asubuhi ileile ilikuwa inafanya kazi. Ndani yake mna kazi za wateja za miaka minne, na nakala sikuwa nayo. (Aibu ya fundi asiye na nakala tuiache kwanza.)

Nikaurudisha mkono.

Na hapo ndipo nilipomkumbuka Mwalimu.

## "Si uliniambia ni betri tu?"

Ilikuwa Oktoba, miezi mitano nyuma. Mwalimu ni mstaafu, ni katibu wa kikundi cha VICOBA, cha kuweka akiba na kukopeshana, mtaani kwetu hapa Morogoro, na kompyuta yake ni ya mtumba, ya mezani, ya zile zinazotoka maofisini Ulaya zikiwa bado na stika ya namba ya mali ya ofisi chini ya tumbo. Aliileta kwa bodaboda, ameipakata kama mtoto.

"Fundi, imezeeka kama mimi," alisema. "Haijui leo ni siku gani. Na mtandao unanikatalia kila mahali."

Ugonjwa huo kila fundi anaujua. Cheti cha usalama cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani tuko 2008 inakiona cheti cha leo kama kitu ambacho hakijazaliwa, kwa hiyo inakukataza kuingia. Nikamwambia, Mwalimu, hiyo ni betri tu, shilingi 2,000, keti hapo dakika tano. Dogo ninayefanya naye kazi akabadilisha betri, akabonyeza F1.

Nembo. Bluu. Nembo. Bluu.

Mimi nilikuwa nimeinamia printa ya mtu mwingine. Niligeuza shingo tu. "Diski hiyo," nikasema.

Nijitetee kidogo: wiki zile umeme ulikuwa umepiga mtaani, tukaletewa diski nne kwa siku kumi, zote zinagonga ndani kama saa mbovu. Macho yangu yalikuwa yameshazoea kuona diski zilizokufa. Hii haikugonga. Sikuisikiliza.

Mwalimu akauliza, "Na vitu vyangu vilivyomo?"

"Mwalimu, hapo hatuna namna."

Nilisema kwa upole kabisa, kwa ile sauti ya daktari anayetoka wodini akiwa anavua glovu. Akanyamaza. Halafu akauliza swali ambalo leo naliona ndilo lililokuwa swali pekee la maana kuulizwa dukani mwangu siku ile:

"Lakini si uliniambia ni betri tu?"

"Betri ni moja, Mwalimu, diski ni jingine. Magonjwa huja pamoja."

Diski ya mtumba shilingi 45,000, kazi 15,000. Hata ile 2,000 ya betri nilimsamehe. Alinishukuru.

## Mlinzi na daftari lake

Sisi mafundi ndio tulioeneza jina la "betri ya BIOS", na jina hilo limetudanganya wenyewe kabla ya kumdanganya mteja.

BIOS haili betri. Ni programu, imekaa kwenye chipu ndogo juu ya madabodi, mara nyingi ya miguu minane, na hata ukiiacha bila umeme miaka utaikuta ilivyo. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, prosesa inaamka ikiwa haijui lolote. Haijui kuna RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) kiasi gani, haijui kama kuna skrini, diski haijawahi kuisikia. Imezaliwa ikijua jambo moja: nenda kwenye anwani fulani, baiti 16 kabla ya ukomo wa gigabaiti 4, ufuate utakachokikuta. Utakachokikuta hapo ni BIOS. Ndiyo inayoamsha RAM na kuikagua, inayotafuta kadi ya skrini na kibodi, kisha inachukua baiti 512 za mwanzo za diski, inatazama kama mbili za mwisho ni 55 na AA, na zikiwa hizo inakabidhi zamu. Kuanzia hapo ni kazi ya Windows.

Utaratibu huu ni wa kizee kweli. Hizo baiti 512 zinawekwa kwenye anwani ya kumbukumbu 7C00, palepale zilipowekwa na IBM PC iliyotoka Agosti 1981, ambayo BIOS yake yote ilienea kwenye kilobaiti 8. Mashine ya Mwalimu, ya miaka mingi baadaye, bado ilikuwa inafuata desturi hiyo kila asubuhi.

Sasa, mipangilio ni kitu kingine. Kwenye ile mashine ya 1981 mipangilio ilikuwa swichi ndogondogo za kusukuma kwa ncha ya kalamu, zimefungwa kwenye madabodi: RAM kiasi gani, skrini ya aina gani. Swichi haisahau. Tarehe ndiyo haikuwa na pa kukaa. DOS, mfumo wa kabla ya Windows, ilikuuliza leo ni tarehe ngapi kila ulipowasha. Mwaka 1984, kwenye modeli ya AT, IBM wakaweka chipu ya Motorola yenye saa na kumbukumbu ndogo ya baiti 64. Kati ya hizo, 14 ni za saa yenyewe. Zilizobaki ni 50. Ujumbe mmoja wa simu unabeba herufi 160. Sasa fikiria kila kitu ambacho kompyuta ilijua kujihusu kikaandikwa kwenye chini ya theluthi ya ujumbe mmoja. Siku hizi nafasi imeongezeka na chipu hiyo imemezwa ndani ya chipu kubwa za madabodi, lakini mtindo ni uleule: kumbukumbu inayohitaji umeme usiku na mchana. Huo ndio umeme unaotoka kwenye betri.

Dogo nilimweleza hivi. BIOS ni mlinzi wa jengo. Kazi yake anaijua, alifundishwa na kampuni iliyomwajiri, hatasahau. Mfukoni ana daftari la maagizo ya mwenye nyumba: geti lipi lifunguliwe kwanza, nani asiruhusiwe, gari la nani linalala ndani. Chini ya ukurasa wa mwisho kuna jumla ya hesabu. Kila akiamka anajumlisha. Jumla ikikataa, analitupa daftari zima na kurudi kwenye yale aliyofundishwa siku ya kwanza kazini.

Ile sentensi ya CMOS kwenye skrini ndiyo mlinzi anavyokuambia: nimelitupa daftari.

Nami nilikuwa nikibonyeza F1. Miaka yote hiyo nimebonyeza F1 bila kujiuliza daftarini palikuwa na nini.

## Dakika moja na nusu

Kwa kuwa diski ilikuwa yangu, usiku ule nilifanya mambo ambayo huwa sina subira nayo. Nilibonyeza F8 kabla ya nembo, nikaizuia Windows isijiwashe upya, ili ile bluu isimame niisome. Nikaipiga picha kwa simu. Msimbo ulikuwa 0x0000007B.

Tafsiri yake kwa Kiswahili cha karakana: Windows imeanza kuwaka, na katikati ya safari haiioni diski iliyoikalia.

Soma tena hiyo. Diski imekwisha kuitoa nembo, imekwisha kupakia nusu ya mfumo, halafu ghafla haipo. Diski iliyokufa haifanyi hivyo.

Nikaingia kwenye kurasa za mipangilio ya BIOS. Ukurasa wa kwanza, saa. Wa pili, mpangilio wa vifaa vya kuwakia, uko sawa. Wa tatu, mahali panapoandikwa diski za SATA (zinazounganishwa kwa waya mwembamba wa kisasa) zihudumiwe kwa mtindo gani. Palisomeka IDE.

Mimi mwenyewe, kwa vidole hivi, nilipabadilisha pakawa AHCI mwaka uliopita, siku niliyoweka SSD, diski isiyozunguka. Nikapiga Windows juu yake, nikasahau.

Mitindo hii miwili ni kama lugha mbili za kuzungumza na diski ileile. IDE ni ya zamani, imeachwa humo ili hata Windows ya zamani isiyoijua SATA iweze kuelewana nayo. AHCI ni ya baadaye na inafanya kazi vizuri zaidi. Windows 7, siku inaposakinishwa, inaangalia inasemeshwa lugha gani, inamwamsha mkalimani wa lugha hiyo na kumlaza mwingine. Betri ikifa, daftari likatupwa, mlinzi anarudi kwenye lugha ya kiwandani. Asubuhi Windows inaamka, inaita kwa lugha yake, inajibiwa kwa nyingine. Inakufa njiani, na uso wake ni wa bluu.

Nikaweka AHCI. F10. Ndiyo, hifadhi.

Windows ikafunguka, na picha ya binti yangu aliyeng'oka meno mawili ya mbele ikanitazama pale kwenye skrini. Tangu niingie kwenye BIOS hadi hapo, haikufika dakika mbili.

Sikufurahi. Nilikaa nikiitazama ile picha na moyo unanidunda.

## Dawa iliyothibitisha uongo

Jambo lililoniliza kimoyomoyo ni hili: nilikuwa na ushahidi.

Diski mpya nilipomfungia Mwalimu, nikapiga Windows upya, mashine ilipona. Iliwaka vizuri, ikazima vizuri, tarehe sahihi, mtandao unafungua. Fundi gani atarudi nyuma kuhoji ugonjwa baada ya mgonjwa kuinuka na kutembea? Lakini bila shaka ilipona. Niliisakinisha Windows wakati BIOS iko kwenye IDE, ikajifunza IDE, wakaelewana. Ningeweza kuipiga Windows kwenye diski yake ileile ya zamani, ikawaka. Ningeweza kubadilisha neno moja kwenye ukurasa wa tatu, ikawaka.

Kupiga Windows upya ni dawa inayotibu karibu kila kitu, na ndiyo ubaya wake. Inatibu virusi, inatibu draiva mbovu, inatibu mpangilio uliopotea, na inapotibu inafuta nyayo zote. Hakibaki cha kukuambia ulikosea. Kila kosa linaingia kwenye hesabu ya mafanikio.

Na si kwamba hatujui kupima. Mashine ikija inalia mlio mrefu unaojirudia, hakuna fundi hapa mjini atakayekimbilia kubadilisha madabodi. Tunachomoa RAM, tunayasugua yale meno yake ya rangi ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, tunapuliza, tunarudisha moja, tunawasha, tunasikiliza. Tunahamisha kitu kimoja, tunatazama. Hiyo ni sayansi safi, na kifaa chake ni ufutio wa shilingi 200.

Kwa nini kwenye diski sifanyi hivyo?

Nimelizungusha swali hili wiki kadhaa, na jibu lililobaki ni lile nisilolipenda. Diski inauzika. Ukurasa wa tatu wa BIOS hauuziki. Utamtoza mtu shilingi ngapi kwa kubadilisha neno moja, tena akiwa amesimama hapo anakuona? Sikukaa nikapanga kumwibia Mwalimu, hilo naweza kuapa. Lakini kati ya majibu mawili yaliyokuwa mbele yangu, akili ililikimbilia lile lenye 60,000, na haikuniomba ruhusa.

## ZIMEKUFA

Chini ya meza nina boksi la karatasi za A4. Dogo ameliandika kwa kalamu ya wino mzito: ZIMEKUFA. Humo tunatupa diski za wateja walionunua mpya. Wengi hawazitaki za zamani, na sisi tunangoja wanunuzi wa vyuma chakavu.

Usiku uleule nililivuta. Diski 17.

Ya Mwalimu ilikuwa ya gigabaiti 160, ina utepe wa karatasi ulioandikwa "Mwl – Okt". Nikaichomeka. Nikaweka kidole juu yake.

Ikavuma.

Hakuna kugonga, hakuna kukwaruza, mvumo laini wa diski iliyo nzima. Baada ya sekunde chache mafolda yakajipanga kwenye skrini: KIKUNDI. Mitihani drs 6. Mahafali. Barua. Sikufungua hata moja. Majina yalitosha.

Nilizijaribu zote hadi saa saba usiku. Zilizokuwa hai zilikuwa tatu, na moja kati ya hizo tatu haina utepe. Ina picha za mtu, kwa jina la folda. Mwenyewe simjui, na sijui nitampataje.

## Wiki tatu

Sikwenda kwa Mwalimu kesho yake. Wala wiki ile.

Diski niliiweka kwenye droo ya pesa ili kila nikirudisha chenji niione, nikidhani itanisukuma. Nikaizoea kama nilivyozoea ile kalamu isiyoandika.

Mji wetu ni mdogo. Fundi anakula kwa jina. Mwalimu amefundisha nusu ya watu wanaopita mbele ya duka langu, na akisema neno moja kwenye kikao cha Jumapili, wanachama 30 wamesikia. Nikajiambia amekwisha kuzoea, kwa nini nitoneshe kidonda. Nikajiambia ngoja mwezi uishe nipate ya kumrudishia.

Dogo, ambaye ana akili ya biashara kunishinda, alinipa njia. "Bosi, si umpelekee umwambie uliituma Dar kwa wataalamu, wakaifufua? Atakulipa, na shukrani juu."

Nataka kusema nilimkemea papo hapo. Ukweli ni kwamba niliifikiria siku nne.

Katikati ya wiki hizo nilianza kufanya mambo kwa namna nyingine bila kutangaza. Mashine ya zamani ikija na betri iliyochoka lakini bado inawaka, kabla ya kuigusa betri naingia BIOS na kupiga picha kila ukurasa kwa simu. Ikija imekwisha kufa, nauliza bluu imeandika nini, na diski naihamishia kwenye mashine nyingine kabla ya kuitamkia kifo. Napima betri kwa mita: mpya inasoma volti 3 na kitu, ikikaribia 2.5 nai­toa bila mjadala. Dogo anasema nimekuwa mwoga.

Kijana mmoja wa chuo alikuja akitaka nimsasishie BIOS ya mashine yake ya 2010, amesikia itaongeza kasi. Nilimkatalia. Hapo ndipo BIOS inapoweza kufa kweli: unafuta chipu na kuiandika upya, na umeme ukikatika katikati, mlinzi mwenyewe amekufa, usililaumu daftari. Bila UPS (kifaa cha akiba ya umeme), kwa umeme wetu huu, mimi simo. Nikamsimulia habari ya virusi vya CIH, vilivyolipuka tarehe 26 Aprili 1999. Sisi tuko kwenye sherehe za Muungano, huko duniani kompyuta za Windows 95 na 98 zinafutwa mwanzo wa diski, na zile ambazo chipu yake ya BIOS haikuwa na kinga zinaandikwa takataka humo. Wenye mashine hizo walibonyeza kitufe na skrini haikutoa hata herufi. Kijana akanitazama kwa huruma, akaondoka. Nadhani alikwenda kwa fundi wa jirani.

## Swichi ya ukutani

Nilikwenda Jumamosi moja ya Aprili, baada ya mvua, viatu vimejaa tope la Uluguru.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba fundi. Karibu, leo umekuja mwenyewe? Kompyuta haina shida."

Iko sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Akaniwashia ili nione inavyofanya kazi vizuri, na kabla ya kubonyeza kitufe aliinama, akawasha swichi ya ukutani.

"Kila siku unazima na pale ukutani, Mwalimu?"

"Si wewe uliniambia? Kwa ajili ya umeme."

Ni kweli nilimwambia, na ushauri wenyewe si mbaya, radi za hapa si za mchezo. Ila sikumwambia upande wa pili. Swichi ya ukutani ikiwa imewashwa, hata kompyuta ikiwa imezimwa, pawa saplai inatoa volti 5 kidogo za kungojea, na saa inakula hizo, betri inapumzika. Ukizima ukutani, betri inabeba mzigo peke yake usiku kucha. Mtu anayezima ukutani kila siku anamaliza betri mapema kuliko jirani yake asiyezima. Kwa hiyo hata ile safari yake ya Oktoba, kwa sehemu, ilianzia mdomoni mwangu.

Nikaitoa diski mfukoni, nimeizungushia gazeti, nikaiweka juu ya kitambaa. Nikamweleza. Nilianza na maneno ya kitaalamu, IDE, AHCI, nikasikia ninavyojificha nyuma yake, nikaacha.

"Haikuwa imekufa, Mwalimu. Sikuipima. Nilikuuzia nyingine bila sababu."

Bahasha ya 60,000 nikaiweka pembeni ya diski.

Hakuitazama bahasha. Aliitazama diski muda mrefu, halafu akauliza, kwa sauti yake ya darasani, "Na hesabu za kikundi zimo?"

"Zimo."

Akaenda chumbani, akarudi na kaunta buku. Ndipo nilipojua amefanya nini miezi ile. Alikusanya vitabu vya hisa vya wanachama wote, akakaa navyo usiku baada ya usiku, akaandika mwaka mzima upya kwa mkono, hisa kwa hisa, mkopo kwa mkopo, faini kwa faini, ili Desemba waweze kugawana. Wiki sita, alisema. Miwani alibadilisha katikati.

Nikachomeka diski. Akafungua faili mwenyewe. Akaweka kaunta buku mapajani, kidole cha kushoto kwenye mstari wa karatasi, cha kulia kwenye skrini, tukaanza kushuka. Januari sawa. Februari sawa. Alikuwa akisema "sawa" kila mstari, nami nikawa nasema naye, kama watoto wanaosoma jedwali.

Agosti akasimama.

Kwenye skrini palikuwa na rejesho la mkopo, shilingi 40,000, la mwanachama mmoja. Kwenye kaunta buku hapakuwa na kitu.

"Alisahau kitabu nyumbani siku hiyo," Mwalimu akasema taratibu. "Nikaandika humu tu. Nikamwambia wiki ijayo alete, nimjazie."

Alivua miwani.

"Desemba alisema amelipa. Alisema mbele ya watu wote. Mimi ndiye niliyemwambia kitabu hakidanganyi, tukamkata." Akakunja kona ya kitambaa, akaikunjua. "Tangu Januari haji."

Sikuwa na la kusema, na safari hii sikusema.

"Nipe simu, fundi. Iko hapo kwenye kochi."

Nikampa. Akaitafuta namba, miwani ikiwa mkononi, simu ameisogeza mbali na macho. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena.